Mguu Bandia Hauishii Siku ya Kukabidhiwa

Hotuba hii niliitoa Moshi mbele ya watu waliokatwa viungo, familia zao, waendesha bodaboda na wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Wengi walioshindwa kufika wameiomba, kwa hiyo naiweka yote hapa. Picha nilizoonyesha ukutani nimeziacha.

Mheshimiwa Diwani, wachungaji na masheikh mliopo, wahudumu wa afya, viongozi wa vijiwe vya bodaboda, wazee wetu, mama zetu, na ninyi wenzetu mliokuja kwa magongo, kwa viti mwendo na kwa miguu ya bandia: itifaki imezingatiwa. Tumsifu Yesu Kristu. Bwana Yesu asifiwe. Asalaam aleikum.

Mimi ni fundi wa viungo bandia. Waandaaji wameniomba nieleze namna mtu wa kipato cha chini anavyoweza kupata mguu bandia. Nitaeleza. Ila kwanza nina swali, na naomba tusione haya kulijibu. Nani hapa ana mguu bandia nyumbani na leo amekuja bila kuuvaa? Nyoosheni mikono.

Asanteni, shusheni. Na huo mguu uko wapi sasa hivi? Mama pale anasema uko uvunguni. Baba yule anasema uko stoo, kwenye kiroba, pamoja na majembe.

Sasa sikilizeni. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuhusu viungo bandia. Lilikadiria kwamba duniani kuna watu milioni 35 hadi 40 wanaohitaji kiungo bandia au kifaa cha kushikilia kiungo kilichodhoofu, na kwamba katika kila kumi wanaohitaji, anayepata ni mmoja. Mmoja! Kwa nchi kama zetu, hesabu inayotumika ni nusu asilimia ya watu wote. Mkoa huu wa Kilimanjaro, kwa sensa ya 2022, una watu zaidi ya milioni 1.8. Nusu asilimia yao ni watu zaidi ya 9,000. Tukiwaweka uwanjani, tutaujaza. Mbona hatuwaoni barabarani? Kwa sababu wako ndani. Wameketi karibu na mlango wanamsubiri mtu wa kuwapelekea maji.

Basi nawauliza: inakuwaje nchi yenye uhaba mkubwa namna hii iwe na miguu iliyolala uvunguni?

Jibu langu ni hili. Tumeufanya mguu bandia kuwa zawadi, na zawadi ina siku moja. Inakabidhiwa, watu wanapiga makofi, picha zinapigwa, meza zinakunjwa. Mguu bandia ni huduma, na huduma hiyo inamfuata mtu maisha yake yote. Hilo ndilo lililonileta, na kila nitakachosema leo kinatoka humo.

Kuna kijana wa bodaboda aliyegongwa na lori, akakatwa mguu chini ya goti. Baada ya miezi michache alipata mguu kwenye kambi ya siku chache. Sitaitaja ilikuwa ya nani, kwa sababu nia yao ilikuwa njema. Asubuhi alipimwa, jioni alivalishwa, akatembea hatua kadhaa mbele ya kamera, mama yake akalia kwa furaha. Nami nisingemlaumu mama kwa machozi yale.

Ila kigutu, sehemu ya mguu iliyobaki baada ya kukatwa, husinyaa. Miezi ya kwanza uvimbe unashuka na misuli isiyotumika inakonda. Soketi, ile sehemu inayopokea kigutu, inabaki na ukubwa uleule. Mguu wa kijana yule ukaanza kupwaya, ukamchubua, mchubuko ukawa kidonda. Alipotafuta wa kumweleza, hapakuwa na mtu wala namba ya simu. Akarudi kwenye magongo. Alipotufikia, mguu ulikuwa na vumbi na kigutu kilikuwa na kovu baya. Alihitaji nini siku ile mguu ulipoanza kupwaya? Soksi nene za kuvaa juu ya kigutu. Na baadaye soketi mpya, soketi peke yake, kwa sababu bomba la chini ya soketi na unyayo vilikuwa bado vizima. Mguu mzima ulitupwa kwa kukosa soksi!

Vijana wa bodaboda, ninyi mnanielewa kuliko wote. Nani kati yenu amenunua pikipiki akaiendesha miaka mitano bila kumwaga oili, bila kubadili cheni wala tairi? Hayupo. Basi mguu bandia nao unakwenda kwa sevisi. Mtu mzima kwa kawaida hubadilishiwa kila baada ya miaka mitatu hadi mitano. Mtoto, kwa kuwa anakua, ni kila baada ya miezi sita hadi kumi na miwili. Mtoto aliyekatwa mguu akiwa na miaka mitano, mpaka afike kumi na minane, ni miguu mingapi? Zaidi ya kumi. Na wakati mwingine mfupa wa mtoto hukua haraka kuliko nyama iliyoufunika, ikabidi arudi kwa daktari wa upasuaji. Anayempa mtoto mguu mmoja na kuondoka amempa mwaka mmoja wa kutembea. Huo mwaka una thamani, sikatai. Lakini nani atampa wa pili?

Ndugu zangu, sababu nyingine ya mguu kwenda uvunguni ni kwamba ulitengenezwa bila kuulizwa utaishi wapi.

Mwishoni mwa miaka ya 1960, katika mji wa Jaipur nchini India, hospitali ya Sawai Man Singh ilikuwa na daktari wa mifupa, P. K. Sethi, na fundi wa kazi za mikono, Ram Chandra Sharma. Sharma hakuwa na vyeti vya vyuo. Alikuwa na mikono na alikuwa na macho. Akaona wagonjwa wanapewa miguu ya mtindo wa Ulaya, wanaondoka nayo, kisha wanaonekana tena mjini kwa magongo. Kwa nini? Miguu ile ilikuwa ya mtu anayevaa viatu kutwa, anayekaa kitini, anayekanyaga lami. Mkulima wa India anaingia pekupeku kwenye maji ya mpunga. Anakula akiwa amekaa chini. Anavua viatu kabla ya kuingia hekaluni. Chooni anachuchumaa. Mguu usiochuchumaa ana kazi nao gani?

Inasimuliwa kwamba siku moja baiskeli ya Sharma ilipata pancha, na alipokuwa akimtazama fundi wa matairi akiunguza mpira ndipo wazo likamjia. Yeye na daktari wakatengeneza unyayo wa mpira, wenye umbo na rangi ya mguu wa mtu, unaovumilia maji, unaokunjika vya kutosha kuchuchumaa, unaotembea bila kiatu. Mwaka 1975 likaanzishwa shirika la hisani, Bhagwan Mahaveer Viklang Sahayata Samiti, ambalo mpaka leo linatoa miguu hiyo bure. Mwaka 1981 Dkt. Sethi alipewa tuzo ya Ramon Magsaysay. Nami namheshimu sana daktari, lakini moyo wangu uko kwa yule fundi, kwa sababu yeye alianza kwa kumtazama mtu akila, akilima na akisali.

Hapa kwetu ni hivyohivyo. Kuna mama anayeuza ndizi sokoni Mbuyuni. Kisukari kilimtia ganzi miguuni, akakanyaga kitu asikisikie, kidonda kikaoza, akakatwa. Kabla sijashika plasta ya kumpimia nilimuuliza, "Mama, siku yako inaanzaje?" Akanieleza. Anaamka gizani, anakata majani ya ng'ombe, anashuka mteremko wenye tope mpaka barabarani, anapanda daladala, anakaa kwenye kigoda mpaka jua lizame. Haya yote hayapo kwenye kipimo cha futi. Mteremko unanieleza namna ya kuulinganisha mguu. Kigoda kinanieleza nikate ukingo wa soketi nyuma ya goti kwa kiasi gani ili aweze kukunja. Nikamwambia aniletee viatu anavyovaa, maana ukibadili urefu wa kisigino umeubadilisha mguu mzima, goti linasukumwa mbele na mtu anatembea kama anaanguka. Akacheka, akasema hajawahi kuulizwa na mtu wa hospitali kuhusu kandambili zake. Mama yule anavaa mguu wake kila siku.

Kwa hiyo mkija kwetu, semeni. Msikubali fundi akupime kimya kimya. Mwambie unalima au unafua, una ngazi nyumbani au huna, choo chako ni cha aina gani. Usione aibu. Choo ni jambo kubwa.

Sasa niseme kuhusu bei, maana najua ndiyo inayowakosesha usingizi.

Zamani miguu bandia ilitengenezwa kwa mbao, ngozi na chuma, na vipuri vingi viliagizwa nje kwa gharama kubwa. Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ilianza kazi ya viungo bandia mwaka 1979. Ilipofika nchi zilizojaa mabomu ya kutegwa ardhini, kama Kambodia, ikakuta watu waliokatwa miguu ni maelfu kwa maelfu na fedha hazitoshi. Hapo ikakuzwa njia ya kutumia polipropilini, plastiki ya kawaida ambayo viwanda hutengenezea ndoo na viti. Ni nyepesi, haiozi kwa maji, mabaki yake yanayeyushwa na kutumika tena, na bei yake ni ndogo. Mwaka 1998 teknolojia hiyo ilitunukiwa tuzo ya Brian Blatchford na jumuiya ya kimataifa ya wataalamu wa fani hii.

Inafanyikaje? Kigutu kinazungushiwa bandeji ya plasta, ikikauka inavuliwa na kubaki ganda. Ganda linamiminiwa plasta, tunapata sanamu ya kigutu. Hapo ndipo ufundi ulipo. Sanamu inachongwa, inapunguzwa pale ambapo mwili unaweza kubeba uzito, inaongezwa pale ambapo mfupa hautaki kuguswa. Kisha karatasi nene ya plastiki inaingia kwenye oveni mpaka ilainike, inavikwa juu ya sanamu, hewa inanyonywa, inashika umbo. Hiyo ndiyo soketi. Inaungwa na bomba na unyayo, mtu anasimama, tunalinganisha, anatembea, tunalinganisha tena.

Watu hunionyesha video za mashine za 3D, zinazochapa kitu kizima badala ya maandishi, wakaniuliza kama karakana zetu zimepitwa na wakati. Nchini Uganda, hospitali ya CoRSU iliyoko Kisubi imewahi kuzijaribu kutengenezea soketi za watoto, na mimi nafurahi. Mashine inaweza kuchukua nafasi ya plasta. Haiwezi kukuuliza habari za kigoda.

Kwa hiyo plastiki haiumizi sana mfuko. Kinachoumiza ni nini? Nauli. Mchimbaji wa Mirerani aliyekatwa mguu juu ya goti anatakiwa afike karakana apimwe, arudi kujaribishwa, akae siku kadhaa afundishwe kutembea, kisha arudi kila anapochubuka. Juu ya goti ni kazi nzito kuliko chini ya goti, maana anajifunza kuliamini goti ambalo si lake. Halafu haji peke yake, analazimika kuwa na ndugu. Nauli za wawili, chakula cha wawili, gesti ya wawili, na siku zote hizo hakuna anayeingiza shilingi. Nimewaona watu waliolipiwa mguu wote mia kwa mia na bado hawakuja kuuchukua. Tukisema mguu ni bure huku njia ya kuufikia inagharimu mbuzi wawili, tumesema ukweli?

Dawa ya nauli ni karakana iliyo karibu, na karakana bila fundi ni banda tupu. Hapa Moshi tuna bahati ambayo wengine wanaitafuta. Mwaka 1981, pale KCMC, kilianzishwa chuo cha mafundi wa viungo bandia kinachojulikana kwa kifupi TATCOT. Wanafunzi wake wametoka nchi nyingi za Afrika, wakarudi makwao kufungua karakana. Kuna watu wanatembea leo katika nchi ambazo hatujawahi kuzifika, na fundi wao alijifunza kushika plasta chini ya mlima huu. Lakini wazazi, niulizeni ni vijana wangapi wa mitaa yetu wanaijua kazi hii. Tunataka watoto wawe madaktari, wawe wanasheria. Hakuna anayesema, mwanangu awe fundi wa miguu.

Na fundi huyo anaweza kuwa yeye mwenyewe aliyekatwa mguu. Mjini Kabul, Afghanistan, Msalaba Mwekundu wana kituo cha viungo bandia, na tangu mwaka 1990 amefanya kazi hapo Mwitaliano anayeitwa Alberto Cairo. Alianza maisha kama mwanasheria, akaacha, akasomea fiziotherapia. Wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe kituo kilikuwa kimefungwa. Siku moja akamkuta barabarani mwanamume asiye na miguu yote miwili, mwenye mkono mmoja, akisukumwa kwenye kiti mwendo na mwanawe mdogo, huku mizinga ikilia. Cairo akamuuliza anatafuta nini mahali pale. Akajibu kwamba anatafuta miguu. Cairo akamwambia aje kesho, akakimbia kujificha. Kesho yake yule mtu alikuwa langoni. Kituo kikafunguliwa.

Yule mtu alipomaliza kujifunza kutembea akaomba kazi. Mkono mmoja, kazi gani? Wakampa nafasi ya majaribio, na uzalishaji ukapanda. Tangu hapo kituo kikawa na utaratibu wa kuajiri watu wenye ulemavu kwanza, na karibu wafanyakazi wote pale ni watu ambao walianza kama wagonjwa. Hebu fikirini maana yake. Mgonjwa anaingia amekata tamaa, anampokea mtu aliyevaa mguu kama atakaovaa yeye. Nani atamdanganya mwenzake pale?

Na jirani zetu wa Kongo, watu tunaosemezana nao Kiswahili, wana vituo vyenye majina ambayo hayahitaji mkalimani. Goma kuna Shirika la Umoja. Bukavu kuna Heri Kwetu. Vyote viwili, kwa msaada wa Msalaba Mwekundu, vimewatengenezea miguu watu waliopigwa risasi katika vita ambavyo haviishi. Karakana imesimama katikati ya vita, sisi tulio kwenye amani tunashindwa wapi?

Kabla sijaenda mbali, niseme na familia zenye mgonjwa aliyekatwa mguu juzi juzi. Haya hayana gharama hata senti moja, na yanaamua kama mguu bandia utafaa au hautafaa. Msimwekee mto chini ya goti au paja. Najua mnamhurumia, najua anapumzika vizuri. Lakini goti likikaa limekunjwa wiki baada ya wiki linakakamaa hivyo, na mguu bandia hauwezi kusimama juu ya goti lisilonyooka. Alale kifudifudi kila siku kwa muda, kama daktari hajamkataza. Akikaa, kigutu kinyooshwe juu ya ubao au stuli, kisining'inie. Kifungwe bandeji ya kuvutika kama mlivyoonyeshwa hospitali, kaza kwenye ncha na legeza kadiri unavyopanda, msifanye kinyume. Akivunjika mfupa mtu wa familia, msikimbilie wa kumfunga mianzi ya kubana, maana damu ikizuiwa mguu unakufa, na wengine hukatwa kwa sababu hiyo tu. Na wenye kisukari, kila usiku tazameni nyayo zenu kwa taa. Mguu bora kuliko yote ninayoweza kutengeneza ni ule ulio nao.

Mheshimiwa Diwani, sasa namalizia na wewe, na nakuomba uyapeleke haya kwenye baraza.

Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009. Ibara ya 20 inazitaka serikali ziwawezeshe watu kupata vifaa bora vya kujongea kwa gharama nafuu. Mwaka uliofuata tukatunga sheria yetu ya watu wenye ulemavu. Mwaka 2023 Bunge likapitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Kwa hiyo tunaposimama kuomba mguu, hatuombi sadaka. Tunadai kilichoandikwa.

Kila kitita cha mafao ya bima kinapojadiliwa, tuwe na mtu mezani wa kuuliza: mguu bandia umeandikwa kwa jina lake? Matengenezo yameandikwa? Soketi ya pili, soksi, mguu wa mtoto wa mwaka ujao, vimo? Bima inayolipia kukata mguu ikakataa kulipia kuurudisha, imemtibu nani? Na halmashauri, mnapopanga bajeti, wekeni fungu la nauli, hata dogo. Tupeni gari mara kwa mara, sisi mafundi tuje na plasta na vifaa vyetu mpaka Rombo, mpaka Same, mpaka Simanjiro kwa majirani. Soketi inayopwaya inaweza kurekebishwa kwenye zahanati ya kata. Haihitaji jengo la ghorofa.

Na wafadhili, mliopo na mtakaosoma maneno haya: karibuni, tena karibuni sana. Mkileta miguu mia, tuulizeni pia nani ataihudumia mwakani. Wekeni sehemu ya fedha hizo kwa fundi atakayebaki hapa mkishaondoka, na muache namba ya simu inayopokelewa.

Kwa leo, wenzangu wamefungua meza mbili pale chini ya mwembe. Mliokuja na miguu kwenye mifuko, itoeni. Mliosema imo uvunguni na mnaishi karibu, mtumeni kijana wa bodaboda akailete, viongozi wa kijiwe wamekubali kuibeba bila malipo. Tuna soksi, tuna faili, tuna hita ya kulainishia plastiki. Watoto waanze, kisha wazee. Anayehitaji soketi mpya ataandikwa jina na tarehe ya kuja, na namba yangu ya simu iko kwenye karatasi iliyobandikwa mlangoni. Asanteni kwa kunisikiliza.